Hasikii

Kuna neno moja ambalo nyumbani kwetu Ipole lilitumika juu ya mdogo wangu kwa karibu miaka minne kabla mtu yeyote hajatamka skizofrenia. Neno lenyewe ni "hasikii". Ameambiwa akachochee moto kwenye bani la tumbaku, hasikii. Ameambiwa aache kuzurura usiku, hasikii. Mama alilisema kwa uchovu, baba alilisema kwa hasira. Mimi nililisema kwa simu, nikiwa mbali, kwa ile sauti ya mtu anayetuma pesa kila mwezi na hivyo anajiona amepata haki ya kuhukumu.

Siku moja akanijibu. "Kaka, msiseme sisikii. Nawasikia wote. Shida yangu ndiyo hiyo."

Nilidhani anajitetea. Nimechukua muda mrefu kukubali kwamba alikuwa anatoa taarifa, na kwamba taarifa ile ilikuwa sahihi kuliko chochote tulichokuwa tukikisema sisi juu yake.

Hebu tulitazame hilo neno. Kiswahili kimekipa kitenzi hiki mzigo mkubwa. Tunasikia sauti, lakini tunasikia pia njaa, baridi, harufu, kizunguzungu, uchungu, yaani karibu kila kitu kinachotufikia bila kupitia machoni. Hapo kusikia ni jambo linalompata mtu. Hukuchagua kusikia baridi. Lakini papo hapo, kitenzi hichohicho kinageuka kuwa wajibu. Mtoto msikivu si mtoto mwenye masikio mazuri, ni mtoto anayetii. Watu wawili wakipatana tunasema wanasikilizana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Hivi, mtu mzima mwenye akili zake anapomwambia mwenzake "husikii", anamlaumu kwa tendo au anaeleza tukio? Lugha yetu haitenganishi, na sisi tunaoitumia tunateleza kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila hata kujua kwamba tumevuka mpaka.

Swali langu ni hilo tu. Kusikia ni kitu tunachofanya, au ni kitu kinachotupata? Kwa sababu kama kinatupata, basi kwa miaka minne tulikuwa tunamgombeza mtu kwa kusikia baridi.

Ipole ni njia panda. Ukitoka Tabora ukapita Sikonge unaifikia, kisha barabara inagawanyika, moja inakwenda Mpanda na nyingine inashuka Rungwa hadi Mbeya. Kwa hiyo mchana kuna malori, bodaboda, mashine ya kusaga, spika za maduka mawili yanayoshindana, kuku, watoto, mtu anayeita abiria kwa jina la mji ambao basi lake huenda halitafika leo. Ukitembea kidogo tu unaingia miyomboni, na humo kuna kelele za aina nyingine. Eneo lote hili ni la misafara tangu zamani. Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, alikuja na wapagazi ambao baadaye aliandika habari zao kwa kirefu, jinsi walivyotembea wakipiga miluzi, wakiimba, wakipiga kelele, wakiiga sauti za ndege na wanyama, na mbele yao kirongozi na mpiga ngoma. Huwa namfikiria yule mpagazi wa katikati ya mstari, mzigo begani, kelele mbele na kelele nyuma. Alifikaje? Alifika kwa sababu sehemu kubwa ya kelele ile hakuisikia. Masikio yake yalibaki na ngoma.

Sisi sote tunaishi hivyo. Wewe unayesoma hapa, nguo yako imekugusa mgongoni tangu asubuhi na hukuwa na habari nayo mpaka nilipoitaja. Mwaka 1959 mtafiti mmoja Uingereza, Neville Moray, aliwawekea watu maneno tofauti kwenye kila sikio na kuwataka wafuate sikio moja tu. Ya sikio la pili yaliwapita kama upepo, isipokuwa jina la mtu mwenyewe: hilo, karibu theluthi moja yao walilisikia. Maana yake mlango haukuwa umefungwa kabisa. Kulikuwa na mlinzi ndani, anachambua nani apite, na wenye nyumba hawamjui.

Sasa, huyo mlinzi anaweza kupimwa. Mwaka 1982, huko Denver, Marekani, Robert Freedman, Lawrence Adler na wenzao walichapisha kipimo ambacho ni rahisi hata kukisimulia barazani. Mtu anawekwa waya za kupima umeme wa ubongo kichwani. Anasikilizishwa mlio mfupi, kama kidole kinavyogonga meza, halafu baada ya nusu sekunde mlio uleule tena. Ti, ti. Kisha kimya cha sekunde kadhaa, na ti, ti nyingine. Ubongo unajibu mlio wa kwanza kwa kijiwimbi kidogo cha umeme baada ya milisekunde 50 hivi. Kwa watu wengi wasio na ugonjwa, jibu la mlio wa pili ni dogo zaidi. Ubongo umeshasema: hili nimelisikia, halina jipya, pita. Kwa watu wengi wenye skizofrenia, jibu la pili linakaribia kulingana na la kwanza. Mlio wa pili unapokelewa kama mgeni mpya, na wa tatu hivyohivyo, na mashine ya kusaga, na kuku, na mama anayekwambia ukachochee moto.

Niweke tahadhari kabla sijanogewa. Kipimo hiki kinatofautisha kundi na kundi, si mtu na mtu. Wapo wagonjwa ambao mlango wao hujifunga vizuri tu, na wapo wazima ambao wao haufungi. Daktari hawezi kukutambua kwa ti ti mbili. Na ugonjwa wenyewe ni mpana kuliko masikio. Lakini tazama ile namba, milisekunde 50, sehemu ya ishirini ya sekunde. Katika muda huo hakuna uamuzi, hakuna utii, hakuna ukaidi. Nia haijaamka bado. Chochote tunachokiita kusikiliza, kile cha kusifiwa na kulaumiwa, kinaanza baada ya mlinzi kumaliza kazi yake, na kama mlinzi hakufanya kazi, basi mtu anaanza kusikiliza akiwa tayari amezama.

Wagonjwa walikuwa wamelisema hili mapema. Mwaka 1961 Andrew McGhie na James Chapman, wakifanya kazi Uskoti, walichapisha mazungumzo yao na vijana walioanza kuugua karibuni. Walieleza kwamba sauti zimeongezeka ukali, kwamba hawawezi kufuata maneno ya mtu mmoja wengine wakiongea, kwamba kila kitu kinaingia. Kila kitu kinaingia! Miaka ishirini kabla ya zile waya za Denver. Mdogo wangu hakuwahi kusoma lolote kati ya hayo, na alisema vilevile kwa maneno mawili.

Kuna habari nyingine kutoka maabara zilezile ambayo ilinikosesha usingizi. Walipowapima ndugu wa damu wa wagonjwa, wazazi, kaka, dada, watu wazima wenye kazi zao na afya zao, walikuta karibu nusu yao wana mlango uleule usiofunga. Bila ugonjwa. Nikakumbuka kwamba mimi siwezi kulala nyumba ya wageni yenye baa jirani, kwamba kazini natafuta meza ya pembeni, kwamba mke wangu hunitania kuwa nasikia jokofu la jirani likizima. Sijapimwa na sidai chochote. Ila nilipokuwa naambiwa "una masikio mepesi" lilikuwa sifa. Yeye akaambiwa hasikii. Huenda tulizaliwa na kitasa kilekile kibovu, kikatofautiana kilichokuja baadaye, na mimi nikaiita tofauti hiyo bidii yangu.

Na sasa tumbaku, maana huwezi kuandika habari za Ipole ukaiacha. Tumesomeshwa kwa tumbaku. Tumekata miyombo kwa ajili ya mabani, tumekesha na moto, tumepanga majani kwa madaraja, tumesubiri malipo ya chama cha msingi mpaka shule zikafunguliwa bila sisi. Mdogo wangu alipoanza kuugua alikuwa anavuta kuliko bani. Nyumbani tulikubaliana kwamba ndiyo chanzo. Sigara zimemharibu, na bangi bila shaka, ingawa bangi hatukuwahi kumkuta nayo. Mapitio ya tafiti 42 kutoka nchi 20, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalikuta wastani wa wavutaji miongoni mwa wenye skizofrenia ni asilimia 62. Kwa nini? Sababu ni nyingi, mojawapo kukaa bila kazi. Lakini timu ileile ya Freedman na Adler, miaka ya 1990, iliwapima wagonjwa wavutaji waliokaa muda bila sigara, halafu wakavuta. Kwa muda mfupi, dakika tu, jibu la mlio wa pili likapungua. Mlango ukarudi mahali pake, kisha ukafunguka tena. Mwaka 1997 walihusisha jambo hilo na kipande cha kromosomu ya 15 chenye jeni la kipokezi kimoja cha nikotini ubongoni.

Sisemi sigara ni dawa. Moshi unaua, na zaidi ya hapo unalifanya ini livunjevunje baadhi ya dawa za ugonjwa huu haraka kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo mvutaji anaweza kuhitaji kipimo kikubwa zaidi. Dawa zilizotengenezwa kukigusa kipokezi hicho bila moshi zimejaribiwa, na hadi sasa hazijatimiza matumaini. Lakini fikiria msokoto ule wa karatasi ya daftari, tumbaku ya shambani kwetu wenyewe, baba anaupokonya na kuukanyaga. Huenda mtoto wake alikuwa ananunua dakika kumi za ukimya, kwa njia pekee aliyoigundua, kwa zao lilelile lililotulisha sote. Tukaona ukaidi.

Mpaka hapa nimezungumzia sauti zilizopo. Vipi zisizokuwepo? Hapa sayansi inatoa mfano ninaoupenda kwa sababu mtu wa kwetu anauelewa bila kuchorewa. Nyenje. Usiku wa miyombo ni wa nyenje, na mlio wake ni mkali kiasi kwamba kama angejisikia mwenyewe kwa ukamilifu angejiziba masikio yake. Wapo watafiti wawili Cambridge, James Poulet na Berthold Hedwig, walioonyesha kwamba nyenje anapolia, neva moja mwilini mwake inapeleka taarifa upande wa usikivu: huu ni wangu, upunguze. Na sisi tuna utaratibu wa namna hiyo. Ndiyo maana huwezi kujitekenya ukacheka. Mwili unakuwa umeshajua mkono ni wa nani. Mwaka 2000 Sarah-Jayne Blakemore na wenzake walikuta kwamba wagonjwa wanaosikia sauti hawana tofauti hiyo: mguso wao wenyewe waliuhisi sawa na wa mtu mwingine. Kuna wanaofikiri, na mimi naona ina mantiki, kwamba sauti nyingi ni maneno ya mtu mwenyewe, yale tunayojisemea sote kimyakimya, yamefika upande wa kusikia bila muhuri wa "huu ni wangu".

Kama ni hivyo, basi lile agizo letu kuu linaonekana lilivyo. "Usizisikilize." Nimemwambia mdogo wangu mara ngapi? Mama alimwambia, mchungaji alimwambia, mfumu tuliyempelekea kuku na shilingi alimwambia kwa maneno mengine, muuguzi aliyempa sindano ya mwezi alimwambia kwa upole. Wote tulimtaka afanye kwa juhudi, saa ishirini na nne, kazi ambayo sisi tunafanyiwa bure tukiwa tumelala. Ni sawa na kumwambia mwenye malaria asitetemeke.

Najua pingamizi, kwa sababu baba alilitoa. "Basi mwanangu ni bani lenye ufa, tumwache tu?" Swali hilo ni zuri kuliko lilivyonikera. Ukimwondolea mtu lawama zote unaweza kumwondolea na heshima, ukamgeuza kitu, hitilafu ya umeme yenye jina. Mdogo wangu hakutaka hilo. Aliwahi kumrushia mama kikombe, na baadaye alipotulia akaomba radhi mwenyewe, na nilipoanza kumwelezea mambo ya mlango na mlinzi akanikatiza: "Wee kaka, kikombe nilirusha mimi." Kwa hiyo mstari upo. Haupiti pale tulipokuwa tunauchora, kati ya kusikia na kutosikia. Unapita mbele zaidi, pale mtu anapoamua la kufanya na yale yaliyokwisha kuingia. Na mwenye kuingiwa na mengi ana kazi kubwa kuliko mwenzake hata anaposhindwa.

Ila kuna upande wa pili wa mlango, na huko tumekaa sisi. Kuanzia miaka ya 1950, George Brown na wenzake London waliona kwamba waliotoka hospitali wakarudi kwenye nyumba zenye lawama, ukali na kuingiliwa sana, waliugua tena zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Juli McGruder, Mmarekani aliyekaa na familia za wagonjwa Zanzibar, aliandika jinsi imani ya majini na mashetani ilivyowapa baadhi yao namna ya kumwacha mgonjwa apumue: shetani amekuja, ataondoka, mtu wetu ni yuleyule. Si kila nyumba, na mimi si mtetezi wa waganga, nimeshataja kuku wangu. Ila nawaza kwamba kauli ile, kwa ukosefu wake wa sayansi, ilikuwa na nidhamu tuliyokuwa hatuna sisi wasomi wa nyumbani. Ilimpunguzia mtu mlio wa pili.

Na sauti zenyewe zinasikiliza zinapokaa. Mwaka 2015 Tanya Luhrmann na wenzake walilinganisha wasikiao sauti California, Accra na Chennai, watu ishirini kila mahali. Wamarekani wengi walizieleza kama vita na matusi. Accra wengi walimtaja Mungu, mara nyingi kwa wema. Chennai wengi walisikia jamaa zao, wakiwaagiza kazi za nyumbani. Nilimuuliza mdogo wangu zake zinasemaje. Akafikiri. "Wengine siwajui. Ila mmoja anaongea kama wewe kwenye simu."

Hilo nimeliandika bila maelezo kwa sababu sina.

Kiangazi kilichopita nilikwenda naye kambini, kwenye mizinga. Siwezi kusema msitu ulimponya. Ukimya mtupu unamsumbua pia, sauti zinapata nafasi, kwa hiyo alitembea na kiredio sikio moja. Wazee wa kambi waliona ni utovu wa adabu, anajiongezea kelele. Yeye alinieleza kwamba ile angalau ameiwasha mwenyewe. Alikuwa amepata sindano yake kabla hatujatoka, alikuwa mzito kidogo wa miguu, lakini anafanya kazi.

Asubuhi ya pili tukiwa tunakoka moto, akatoa redio, akasimama. "Ananiita," akasema, akitazama juu.

Damu ikanisimama. Nilianza kupiga hesabu ya barabara, ya saa ngapi tutafika Sikonge. Mzee mmoja, jirani yetu, wala hakugeuka. "Hata mimi kaniita," akasema. "Chukua shoka, twende." Ndipo nikamsikia, yule ndege mdogo wa kijivu anayewaongoza watu kwenye asali, anapiga kelele tawini kama mtu anayetikisa kiberiti. Alikuwa analia pale muda wote. Mimi, mzima, nilikuwa nimemchuja.

Tukamfuata, anaruka, anasubiri, anaita. Mdogo wangu alikuwa mbele. Njiani nikamuuliza alijuaje kwamba huyu ni wa kweli. Akanijibu bila kusimama:

"Niliangalia uso wa babu. Akisikia kitu, uso unageuka. Nyumbani huwa naangalia wa kwako, kaka, lakini wa kwako unageuka kila nikisema neno, hata pasipo na kitu. Haunisaidii."

Nyuki walikuwa kwenye mti mkubwa, tundu lilikuwa juu ya kimo cha mtu. Tulitumia moshi, tukakata, tukalina ndoo moja isiyojaa. Mzee akaweka kipande cha sega juu ya jani, pembeni, fungu la ndege. Mdogo wangu akajifuta mikono kwenye nyasi, akarudisha redio sikioni, akabeba ndoo.